Msichana Aliyepanguswa kwa Sanitaiza

Liverpool, Sydney
3 Mei 2020

Kwa Mjomba Kiilu,

Pokea salamu za mpwa wako. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma na kunawa mikono kutwa kumenichubua vidole. Natumai wewe, Mutheu binti yako na wote wa hapo Tala hamjambo, na kwamba duka la michoro linaendelea. Mwambie Mama sweta yake ilifika. Hapa kanisa limehamia kwenye kompyuta. Kila mwanakwaya anaimba akiwa kwake, na sauti ya tatu hufika wengine wakiwa wameshasema amina.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipokei picha, na nikimpigia Mama huniweka spika nikasikika mpaka kwa jirani. Jambo hili ni lako peke yako, kwa kuwa wewe ni fundi.

Kuna rafiki yangu wa hapa ofisini. Huyo rafiki anamjua bibi mmoja mzungu kutoka Romania, Bibi Smaranda, mwenye miaka tisini na mmoja. Ukutani kwa Bibi kuna picha ya msichana wa miaka tisa hivi, iliyochorwa huko kwao mwaka 1858. Mwaka umeandikwa nyuma. Msichana ana gauni la kijani, shanga nyekundu mistari miwili, tufaha mkononi, mashavu ya waridi na katabasamu. Kila asubuhi Bibi hubusu vidole vyake, kisha humgusa msichana shavuni. Sasa kwa ajili ya ugonjwa huu tumeamriwa, yaani rafiki yangu ameamriwa, apanguse kwa sanitaiza kila kinachoguswa: vitasa, swichi, rimoti. Akafikiri kwamba shavu nalo linaguswa kila siku. Akapuliza, akapangusa. Kitambaa kikaja na shavu. Alipojaribu kusawazisha upande wa pili, kikaja na tabasamu.

Swali la rafiki yangu ni hili: huchanganywa rangi gani kupata ngozi ya mtoto wa kizungu? Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hajaona kitu. Lakini ana mwanawe, Tiberiu, anayekaa Adelaide, na huyo anaona vizuri sana. Mpaka wa jimbo ukifunguliwa atakuja.

Mpwa wako,
Mbuvi


Tala
27 Juni 2020

Mpwa wangu Mbuvi,

Barua yako imefika leo, siku hamsini na tano tangu uiandike. Imetembea kama mtu anayeogopa kuulizwa ametoka wapi, na baada ya kuisoma sikuilaumu.

Hatujambo. Mama yako hajambo, bado anawaambia waumini kwamba unafanya kazi ya kompyuta ghorofa ya kumi na mbili. Kanisa limefungwa, kwa hiyo anawaambia barabarani, kwa umbali wa mita moja na nusu, na inabidi apaze sauti. Duka lipo. Kaunti imenipa kazi ya kuchora maduara chini, pale sokoni, watu wasimame ndani yake. Miaka arobaini na mitano nimechora ng'ombe wa bucha wanaotabasamu, leo nachora sufuri. Nikimaliza kuchora, watu wanasimama nje ya duara ili wasichafue rangi.

Sasa huyo rafiki yako. Nimeipenda ofisi yenu. Ina bibi wa miaka tisini na mmoja, ina vitasa, ina kitambaa na chupa ya kupuliza. Ghorofa ya kumi na mbili ina mambo.

Umeandika kuhusu gauni, tufaha na kwaya, ukasahau neno moja nililolihitaji. Rangi ikitoka, chini yake huwa kuna kitu. Chini ya ng'ombe wangu wa mwaka huu kuna ng'ombe wa mwaka jana, na chini yake simiti. Chini ya picha ya turubai kuna weupe, kisha kitambaa. Rafiki yako aliona nini pale chini? Weupe, kitambaa, au uso mwingine?

Ngozi ya mzungu ina njano, ina kijani, ina bluu chini ya macho. Huiwezi. Mwambie rafiki yako asiguse. Ampige picha msichana, aichape kwenye karatasi, aitie kwenye bahasha, kisha akalie mikono yake.

Mjomba wako,
Kiilu


Liverpool
16 Agosti 2020

Kwa Mjomba Kiilu,

Salamu. Nimefurahi kusikia Mama hajambo. Hapa tuna mvua na barakoa. Nimepunguza kilo mbili, sijui zimeenda wapi.

Mjomba, barua yako ilichelewa. Niligusa.

Ni mimi, bila shaka umeshajua. Na ofisi hakuna. Ilikuwepo, nilikaa miezi minne, wakatupunguza, nikasomea kozi fupi ya kutunza wazee majumbani. Ninaingia kwa Bibi Smaranda saa moja asubuhi, namwogesha, napika, nampa dawa, namsomea magazeti ambayo anayabishia. Tafadhali Mama asijue. Alishawatangazia watu.

Nilinunua rangi za watoto wa shule kwenye duka la vitu rahisi. Nilichanganya nyeupe, nyekundu na njano kidogo. Kwenye sahani ilikuwa ngozi kabisa, kwenye shavu ikawa soseji ya kuku. Nikaongeza nyeupe. Sasa msichana ana shavu moja kama aliyeng'olewa jino. Upande wa pili sikuugusa. Hapo utaona kilichokuwa chini: si weupe wala kitambaa, ni kama uso, lakini umeshika ukungu, una vidoa vidoa, na mdomo umefungwa. Nimetia picha mbili.

Tiberiu hupiga kwenye tableti kila Jumapili. Mimi ndiye ninayeishika, kwa hiyo Bibi huwa ameketi mbele ya jokofu. Jumapili iliyopita alisema, "Mama, mbona siku hizi uko jikoni tu?" Bibi akamjibu kwamba jikoni ndiko kuna watu wanaofanya kazi.

Kila asubuhi anaendelea kumgusa msichana. Nami nasimama nyuma nikiomba.

Mbuvi


Tala
11 Oktoba 2020

Mpwa wangu,

Hatujambo sote, na mvua imenyesha. Mutheu amerudi nyumbani kwa sababu shule anayofundisha imefungwa, na sasa ananifundisha mimi.

Nimeziweka picha zako juani, nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Shavu ulilopaka nililitazama kwa muda mfupi, kwa heshima ya marehemu babu yako, aliyekuwa na imani na wewe.

Ule wa upande wa pili si ukungu, ni ndui. Watu wa umri wangu hatuhitaji kuambiwa. Tazama tena: kila kishimo kina mwanga upande wa kushoto na kivuli upande wa kulia. Ukungu haujui dirisha liko upande gani. Mchoraji wa kwanza alikaa na mtoto yule, akatazama makovu yake moja moja, akayachora bila kumwonea haya. Na yule mtoto amenuna, kwa sababu watoto wanaoketishwa kuchorwa hununa. Halafu, miaka mingi baadaye, akaja fundi wa pili akampaka waridi na kumbandika tabasamu. Wewe umemfuta huyo wa pili. Kwa ujinga wako wote, umemfuta mwongo ukamwacha mkweli, kisha ukaenda dukani kumtafutia mkweli soseji ya kuku.

Fanya hivi. Rangi za shule hutoka kwa maji, lakini maji ni mengi mno kwa picha ya umri huo. Chukua pamba, iloweshe kwa mate yako, uzungushe taratibu, kipande kidogo kidogo, na kila pamba ikichafuka uitupe. Mate ya mtu yana nguvu ya kiasi, hakuna chupa inayoyafikia. Najua nchi yenu nzima inakimbia mate. Mimi nakutuma utemee. Nawa kwanza, fanya Bibi akiwa chumba kingine, na usimkohoe msichana. Ameshaugua mara moja.

Ukimaliza, mwambie Bibi. Kisha mwandikie mama yako. Mpaka umefanya yote mawili sina ushauri mwingine.

Kiilu


Liverpool
6 Desemba 2020

Kwa Mjomba,

Salamu za Krismasi mapema, maana zikitumwa kwa wakati zitafika Pasaka.

Nimetumia mate. Siku sita, nusu saa kila siku, Bibi akiwa bafuni au amelala mchana. Mdomo ulinikauka nikawa naonja limau. Shavu langu lilitoka lote, na vishimo viko pale, na mwanga kushoto kama ulivyosema. Goreth, Mrundi anayemtunza Bibi wikendi, alimwona msichana akaacha ndoo katikati ya njia. "Eh Yezu! Huyu mutoto naye ameshika korona?" Nikamwambia ni ndui, ya zamani. Akasema afadhali, kisha akavaa barakoa ya pili.

Lakini sijamwambia Bibi. Usinitukane, nisikilize. Kibali changu cha kukaa hapa kinategemea kazi hii. Ejensi iliyoniajiri ikinifuta, nitarudi nyumbani, na mpaka umefungwa, sitaruhusiwa kuingia tena. Tena hospitali imeandika kwamba upasuaji wa macho wa Bibi umeahirishwa kwa sababu ya korona. Nilipomsomea ile barua alisikitika sana, nami nikasema pole, na ndani yangu nikamshukuru Mungu. Nimejitazama kwenye kioo cha lifti nikajiona mtu mbaya kiasi.

Mama sijamwandikia. Nilianza mara mbili.

Duka linaendeleaje? Kila mara unasema "lipo" tu.

Mbuvi


Liverpool
18 Aprili 2021

Mjomba Kiilu,

Salamu. Huu ni mwezi wa tano hujanijibu. Nikimpigia Mama anasema "Mjomba yupo" kisha anazungumzia mahindi. Kama umenikasirikia, basi nikasirikie kwa maandishi, nimezoea. Nakosa hata zile kejeli. Bibi Smaranda ananiuliza kwa nini nakimbilia sanduku la barua kama mtu anayengoja mchumba.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mbuvi


Tala
20 Juni 2021

Mpwa wangu,

Usishangae mwandiko. Huu ni wa Mutheu, mimi nasema yeye anaandika, na tayari amenisahihisha mara mbili kabla ya salamu.

Hatujambo. Nilipata kikohozi kidogo, wakanipeleka hospitali nikae siku kumi nipumzike. Walinifunga bomba la hewa puani. Ukuta uliokuwa mbele yangu ulipakwa na mtu aliyeacha alama za brashi kutoka juu mpaka chini, kama mvua. Ndiyo sababu nimepona, nilikataa kufa nikitazama kazi ile. Daktari aliniuliza kama nina wasiwasi wowote. Nikamwambia, "Nina mmoja, nani aliwapakia rangi hapa?"

Sikukasirika. Ningekasirika ungekuwa unanishangaza. Umemwambia Bibi? Umemwandikia mama yako? Jibu maswali hayo, mengine weka.

Duka nimelifunga. Basi, umeuliza.

Kiilu, kwa mkono wa binti yake

*(Kwenye kikaratasi tofauti)* Mbuvi, mimi ni Mutheu, niko posta. Alisema niandike siku kumi. Zilikuwa thelathini na nne, na mara mbili tuliitwa tukamuage. Mkono wa kulia unamtetemeka, hawezi kushika kalamu wala brashi. Akiwa peke yake hujaribu kwenye magazeti, kisha huyachoma. Usimwambie nimekuambia. Na usimhurumie kwenye barua, atakufa kweli.


Liverpool
12 Desemba 2021

Kwa Mjomba Kiilu,

Salamu kwako, kwa Mutheu na kwa Mama. Nimefurahi kwamba kikohozi kimeisha. Fundi wa ule ukuta alaaniwe.

Barua yako ilinikuta kifungoni. Miezi karibu minne tulifungwa sisi wa huku magharibi ya mji. Wenzetu wa ufukweni walionyeshwa kwenye televisheni wakiota jua, sisi tulipitiwa na helikopta, na wanajeshi wakabisha mlango kuuliza kama tumekula. Bibi Smaranda aliwaambia kwamba wanajeshi wa mwisho kubisha kwao walikuwa na adabu kidogo kuliko hao, lakini viatu vyao vilikuwa safi.

Mwezi uliopita hospitali ikampa tarehe ya macho. Asubuhi ile tumeketi sebuleni tukingoja gari, ameshavaa koti, nikaona hakuna pa kukimbilia tena. Nikamwambia, "Bibi, nina jambo. Kuhusu msichana."

Akasema, "Ulimpulizia dawa."

Nikaweka mkoba wake chini.

"Mwezi wa nne mwaka jana," akasema. "Kisha ukampaka uji. Kisha ukautoa uji. Mbuvi, mtoto wa jicho yuko machoni. Unadhani kidole changu nacho kina mtoto wa jicho?"

Miaka themanini amekuwa akigusa shavu lile, Mjomba. Lilikuwa laini kama sahani, na siku moja likawa na vishimo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Nilitaka kuona utadanganya mpaka lini. Nilikuwa sina burudani nyingine, walifunga kila kitu."

Baada ya upasuaji, muuguzi alipokuja kumwondoa bandeji, Bibi alitaka apelekwe ukutani kabla ya chai. Akasimama na kigongo chake. "Catinca," akasema. "Alivyonuna!" Akacheka mpaka nikamshika. Catinca alikuwa nyanya wa baba yake. Aliugua ndui akiwa na miaka sita, akapona, akaishi akazaa watoto saba. Bibi mwenyewe alipokuwa msichana, dada yake alitaka kuolewa, na baba yao akaogopa wakwe wataona ukoo una ngozi mbaya. Akamwita fundi wa mabango ya sinema, akamlainisha Catinca kwa siku moja. "Posa ilikubaliwa," akasema, "na yule bwana akawa mlevi mwenye ngozi nzuri sana."

Tiberiu alifika tarehe nne. Alisimama mbele ya picha akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nimeharibu urithi, nimeharibu historia, nitashtakiwa. Akaiandikia ejensi hapo hapo. Kesho yake akaleta mama mmoja, mtaalamu wa kutengeneza picha za kale, aje aandike jinsi nilivyoharibu. Yule mama alikaa na taa yake saa nzima. Kisha akauliza, "Nani amesafisha hapa?" Mimi nikafungua mdomo. Tiberiu akaniwahi: "Sisi. Familia." Mtaalamu akasema yule wa juu alikuwa fundi wa kawaida, huyu wa chini ni mchoraji, na mwenye bahati ni aliyetumia dawa bila kutoboa. Akaongeza kwamba asirudie tena mtu yeyote, milele. Tangu hapo Tiberiu anawapigia jamaa zake wote akieleza jinsi alivyoamua picha isafishwe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho wa simu ya tatu, kisha akamwambia, "Nenda Adelaide. Umeshamfahamu nyanya yako, inatosha."

Kazi bado ninayo. Ejensi imenipa onyo la maandishi, si kwa sanitaiza, maana sanitaiza ilikuwa kwenye mwongozo wao. Ni kwa kutumia mate kwenye mali ya mteja.

Bahasha ndogo iliyo ndani ni ya Mama. Nimemwandikia yote, mpaka kuogesha. Mpe mkononi, na uwepo anaposoma.

Mpwa wako,
Mbuvi


Tala
30 Januari 2022

Mpwa wangu,

Huu ni mwandiko wangu. Soma polepole, herufi zimetembea kwa miguu.

Mama yako alisoma barua yako mara mbili mbele yangu. Ya kwanza alilia kidogo. Ya pili aliuliza, "Huyo bibi anakula nini asubuhi?" Jumapili iliyofuata aliwaambia waumini kwamba umetoka ofisini kwa hiari, umepanda cheo, unatunza familia ya kifalme ya Romania. Hapo sina la kukusaidia.

Yule fundi wa mabango nimemfikiria sana. Ulipoandika habari zake ulicheka, nami nilicheka, kisha nikaacha. Nyanya yako, mama yetu, alikuwa na makovu ya ndui usoni, zaidi ya Catinca. Hukumjua, alikufa ukiwa tumboni. Mimi ndiye niliyechora picha yake ya kuwekwa juu ya jeneza. Nilimlainisha. Hakuna aliyeniomba. Niliona haya mbele ya wageni wa Nairobi. Watu waliipita wakisema ni nzuri, na mama yako alinikasirikia mwaka mzima bila kuniambia sababu, nami sikumuuliza. Baada ya mazishi niliificha nyuma ya kabati la duka.

Wiki iliyopita niliitoa. Kovu la ndui halihitaji mkono uliotulia, mpwa wangu. Brashi namba mbili, mwanga kushoto, kivuli kulia, na mkono wenyewe unaruka kutoka kishimo hiki hadi kile bila kuulizwa. Ng'ombe nisingemweza. Hii niliimaliza kwa siku nne, na Mutheu alikaa chumba cha pili akijifanya anasahihisha vitabu.

Jana nilimwita mama yako. Aliitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye aliyekuwa akitupiga."

Kisha akaomba misumari aitundike.

Mjomba wako,
Kiilu